Fundi Unyoya, Mpima Mabega ya Watu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutoka karibu na mbali, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ninayesimama mbele yenu ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, fundi cherehani ambaye kwa miaka thelathini na minane nilitenganishwa naye na ukuta wa mbao tu pale kazini, na familia imenipa jukumu la kusoma historia hii kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba wanawe walijaribu kuisoma jana wakashindwa kuvuka mstari wa pili, na ya pili ni kwamba marehemu mwenyewe alisema, akiwa na akili zake timamu, kwamba historia yake ikisomwa na mtu asiyemtania hataamini kuwa ni yake. Kwa hiyo nitasoma kwa heshima, na pale utani utakaponiponyoka mniwie radhi, maana mtu hufa, ushemeji haufi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Unyoya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mkunga. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba baba yake alimpima kwenye mizani ya misumari ili ajiridhishe, ikasoma kilo mbili na robo, na marehemu alipenda kusema kwamba hapo ndipo alipoanza kuviheshimu vitu vyepesi.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1959 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akahitimu mwaka 1966, na kwa kuwa historia hii ni ya kweli sitasema kwamba aliongoza darasa, bali nitasema kwamba kiti cha mwalimu wake kilichokuwa kinayumba kwa miaka kiliacha kuyumba alipofika yeye. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1969 alisoma chuo cha ufundi, fani ya uchongaji chuma, ambako mkufunzi wao aliwapa kila mmoja kipande cha chuma na tupa, akawataka wakichonge kwa mkono mpaka pande zote ziwe sawasawa, kazi iliyochukua muhula mzima, wenzake wakailaani, yeye alipomaliza akaomba kipande kingine.

Tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa katika karakana ya reli kama fundi wa breki, akafanya kazi hapo kwa uaminifu hadi mwaka 1975, lakini alituambia kwamba vyuma vya kule vilikuwa vizito na havikuhitaji kupendwa, na yeye alikuwa mtu wa kupenda anachoshika. Mwaka huo alikutana na mzee mmoja aliyekuwa na chumba kidogo mwisho wa ujia, nyuma ya duka la rangi, akitengeneza kufuli, vyerehani na bunduki, watu wakimwita Mzee Kufuli, naye akamchukua awe mwanafunzi wake kwa sharti moja, kwamba bunduki yoyote itakayowekwa mkononi mwake, hata kama imetoka mkononi mwa mzee mwenyewe sekunde hiyo hiyo, aifungue kwanza na kuangalia ndani, kwa sababu bunduki haina rafiki. Sharti hilo alilishika mpaka mwisho, na nimewahi kumwona akifungua bunduki ya mbao.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na dada yangu tarehe 17 Septemba 1977, wakati huo dada akiwa mpokea simu katika ofisi ya posta, na nakumbuka vizuri siku alipokuja nyumbani kuposa, baba yetu akachelewa kutoka kazini, na kijana akaachwa sebuleni peke yake kwa muda mrefu. Baba alipoingia alikuta mlango ambao ulikuwa unapiga kelele tangu sisi wadogo umenyamaza, na mposaji yuko chini anaufuta kwa leso yake, akasema pale pale kwamba huyu apewe, mengine tutazungumza naye akishanyanyuka. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na sita na miezi kadhaa, na mlango ule hadi leo haujapiga kelele.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1979, ambaye sasa ni dereva wa malori makubwa, wa pili wa kiume aliyezaliwa tarehe 21 Novemba 1982, ambaye ni fundi wa injini za maboti, na kitinda mimba, binti, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1988, ambaye ni mpima ardhi. Huyu wa mwisho nitamrudia, maana historia ya marehemu haiwezi kusomwa kwa haki bila yeye.

Mwaka 1986 Mzee Kufuli aliacha kazi kwa sababu ya macho, akamwachia marehemu chumba, jiliwa la kubania vyuma, dirisha linaloangalia jua la asubuhi, na mfuko wa turubai wenye vipande vya bunduki ndogo ya ndege, mitutu miwili iliyobonyea na kitako kilichopasuka, akisema kwamba kazi ya kuifufua ilimshinda. Mwaka huo huo nami nilikodi chumba cha pili yake, na ndipo nilipoanza kusikia, kupitia ukuta ule, kila jambo alilowafundisha wateja wake, kiasi kwamba leo naweza kumchagulia mtu bunduki nikiwa nimelala, ingawa sijawahi kufyatua hata moja na sina mpango huo.

Jina la Unyoya alilipata kwa sababu hakumimina mafuta kwenye bunduki kutoka kwenye kopo kama wengine, bali alichovya ncha ya unyoya wa kanga na kugusa pale panapohitaji, kwenye bawaba, kwenye komeo, kwenye springi, basi, na unyoya huo ulikaa nyuma ya sikio lake kama penseli ya seremala, akaenda nao posta, hospitalini na siku moja kwenye picha ya pasipoti. Alisema mafuta mengi ni uvivu uliovaa nguo nzuri, yanateremka polepole mpaka kwenye mbao na kuiozesha pale inapokutana na chuma, ndiyo maana kila bunduki chumbani mwake ilisimama mtutu chini kitako juu, na ninyi mliofika kwake mtakumbuka kwamba miavuli na mifagio nayo ilisimama hivyo hivyo, kwa mazoea.

Kazi yake hasa ilikuwa kumchagulia mtu bunduki nyepesi ya kuwindia ndege, kwale, kanga, tombo na bata maji, ile inayorusha marisau, yaani punje ndogo nyingi kwa pamoja, kisha kuhakikisha kwamba inabaki salama mikononi mwake miaka yote. Aliwaambia kwamba mwindaji wa ndege hutembea asubuhi nzima na kufyatua mara tatu, kwa hiyo bunduki yake hainunuliwi kwa macho, hununuliwa kwa miguu, na kila mteja mpya, awe nani, alipewa kwanza bunduki ya mbao aliyoichonga mwenyewe, yenye madini ya risasi yaliyoyeyushwa na kumiminwa tumboni ili ifikie uzito wa kweli na kitako chenye skrubu kinachorefushwa na kupindishwa, akaambiwa aibebe kwa miguu hadi posta na kurudi. Mtaa mzima uliwaita wateja hao Jeshi la Mbao, na najua humu ndani wamo askari wengi wa jeshi hilo, wakiwemo watu wazima wenye vitambi vyao, walioshangiliwa na wauza magazeti siku ile.

Mteja akirudi, marehemu hakumuuliza kama ameipenda, alimuuliza inamuuma wapi, na akijibu mkono, alijua mbele ni kuzito, maana alikuwa na msemo kwamba uzito si kilo, uzito ni mahali kilo zilipokaa, akailaza bunduki juu ya vidole viwili pale inapokunjika, akamwonyesha jinsi inavyotakiwa itulie bila kuinamia upande wowote. Kisha alisimama mbele ya mteja, uso kwa uso, akamwambia afumbe macho, ainue bunduki ya mbao mpaka shavuni, halafu afumbue, naye akatazama jicho la mtu yule juu ya mtutu, liko katikati au limekwenda pembeni, na hapo ndipo alipogonga ukuta na kuniita, shemeji, lete futi, nikapeleka futi yangu ya kushonea, tukapima bega, shingo na mkono. Sote wawili tulikuwa wapimaji wa watu, tofauti ni kwamba mimi nikikosea nguo hubana, yeye akikosea ndege huenda zake.

Hakusifia wepesi kijinga, hilo lazima niliseme, kwani alionya kwamba bunduki nyepesi mno, ukiizungusha kumfuata ndege, husimama njiani wakati ndege bado anakwenda, na kwamba ukiilisha bunduki nyepesi risasi nzito itakulipa shavuni. Rafiki yetu mwoka mikate, ambaye yuko pale safu ya tatu na ananiangalia vibaya, alitaka nyepesi kuliko zote na risasi nzito kuliko zote, akaonywa, akacheka, akarudi Jumatatu shavu limevimba kama ameficha limau, na marehemu alimtengea kiti, akampa kitambaa chenye maji baridi, akampunguzia risasi, na tangu siku hiyo tumekula mikate ya bure na kwale wake wengi.

Wakati wa kutunza hakuwa na utani hata kidogo, bunduki ikirudi kutoka porini ifunguliwe, itazamwe ndani, mitutu ipigwe brashi na kukaushwa kabla mwenyewe hajavua viatu, chuma kifutwe alama zote za vidole kwa kuwa jasho ni chumvi na chumvi ni kutu, halafu unyoya. Hata mifuko ya bunduki niliyoshona mimi, mizuri kabisa, yenye bitana nene, aliwaambia wateja mbele yangu kwamba mfuko wa shemeji yangu ni wa safari, si wa kulala, kwa sababu kitambaa hunywa unyevu usiku na kuulisha chuma, nikanuna wiki nzima, mpaka nilipokuta kutu kwenye mkasi wangu niliouacha ndani ya mfuko kama huo. Wala hakumtengenezea mtu anayepiga ndege wakati wa kutaga, na akiulizwa ni wangapi wanatosha alijibu kwamba unaowala wanatosha, wa ziada ni majivuno.

Sasa nirudi kwenye ule mfuko wa turubai. Marehemu aliifufua bunduki ile katika saa za ziada, akinyoosha mitutu na kuchonga kitako kipya, na ilipokamilika mwaka 1990 ilikuwa na kilo mbili na nusu tu, ikilia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, akaiita Chiriku, akawaita watoto wote watatu sebuleni, akatamka mbele ya mama yao kwamba Chiriku haitauzwa, itakuwa ya mtoto atakayeweza kupiga nayo ndege anayeruka. Wa kwanza hakupenda kelele, akajitoa mapema, wa pili alipiga vizuri lakini alichoka kutembea, akasema samaki ni waungwana zaidi kwa sababu unawasubiri umekaa, lakini yule wa mwisho tangu akiwa na miaka sita alikuwa anazunguka kwenye ujia wetu na bunduki ya mbao begani, akipiga kwa mdomo kila nzi aliyepita.

Alianza kumfundisha mwaka 2005, kila Jumamosi asubuhi wakati wa msimu, na binti alikuwa na miguu ya kutembea, subira ya kungoja na mikono isiyotetemeka, ila ndege hakuanguka. Baba alimrekebisha nyayo, akamrekebisha pumzi, akamwambia aharakishe, akamwambia apunguze, na miaka ikapita hivyo, marisau yakiruka daima kushoto kwa ndege, mpaka Jumamosi moja ya Agosti 2009 alipomkosa kanga aliyekuwa anaruka taratibu kama anayekwenda sokoni. Ndipo baba akamwambia kwa upole, mwanangu, mkono unao na miguu unayo, ila jicho la ndege hukupewa, na hiyo si dhambi. Laiti angemfokea, kwa sababu neno la ukali unaweza kulikasirikia, lakini neno la upole likikosea huna pa kulirudisha, unalala nalo tu.

Binti aliifungua Chiriku, akaitazama ndani, akaifuta, akamrudishia baba yake kwa mikono miwili, na hakwenda naye tena. Hawakugombana, nataka hilo lieleweke, alikuja nyumbani kila juma, alimletea baba yake soksi na dawa, lakini Jumamosi za msimu alikuwa na shughuli kila mara, na marehemu akawa anakwenda peke yake na kurudi mapema. Wawindaji wengi walikuja kuitaka Chiriku, wakaambiwa ina mwenyewe, na wakiuliza ni nani, yeye alianza kuzungumzia mvua, na kila mwisho wa mwezi nilikuwa naisikia kupitia ukuta, ikifunguliwa, ikiguswa unyoya na kufungwa, ikingoja mtu ambaye hata yeye hakumjua.

Mwezi Novemba 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akapelekwa hospitali, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akaanzishiwa dawa na kukatazwa kubeba vitu vizito, akamuuliza daktari kizito ni kuanzia kiasi gani, daktari akafikiri akasema kisizidi kilo tatu, na marehemu akatabasamu njia nzima ya kurudi. Hata hivyo nguvu zilipungua, na kuanzia mwishoni mwa mwaka uliofuata binti yake alianza kuja kazini kwake kila Jumapili kumsafishia bunduki za wateja zilizobaki, yeye akikaa kwenye kiti na kuelekeza.

Jumapili ya tarehe 14 Januari 2024, binti alikuwa amemaliza kupiga brashi mitutu ya bunduki ya mteja, akaiinua kuelekea dirishani aone kama imebaki kutu ndani, akafumba jicho la kulia na kuchungulia kwa la kushoto, akahamia mtutu wa pili, akachungulia kwa la kushoto tena. Marehemu aliweka kikombe chini, akamwambia aiache mitutu, anyooshe kidole kwenye kitasa cha mlango macho yote mawili yakiwa wazi, halafu afumbe jicho la kulia, kidole kikabaki kwenye kitasa, afumbe la kushoto, kidole kikaruka kando. Akamuuliza tangu lini, na binti akajibu kwamba tangu zamani, hata kazini chombo cha kupimia huchungulia kwa jicho hilo, wenzake wote wanajua na wanamwita Kushoto.

Nilikuwa upande wa pili namalizia sare za shule, nikasikia ukuta unagongwa na sauti inaniita, shemeji, lete futi, na nilipoingia nilimkuta Fundi Unyoya analia, akasema nimepima mji mzima, shemeji, nikairuka nyumba yangu. Wateja wote alisimama mbele yao akawatazama jicho, lakini mwanawe alimwona anaandika kwa mkono wa kulia tangu chekechea, akadhani anamjua, hakumpima kwa bunduki ya mbao hata siku moja, na kule porini miaka yote minne alisimama nyuma ya bega lake, macho yakiwa kwa ndege. Jicho linaloongoza lilikuwa la kushoto na bunduki iko bega la kulia, kwa hiyo mtoto alikuwa analenga sawasawa na bunduki inamdanganya, na nilipotaka kumfariji nikamwambia kinyozi hajinyoi, akanijibu kwamba kinyozi asiyejinyoa huota nywele zake mwenyewe, yeye amemnyima mtoto.

Kuanzia kesho yake alianza kuchonga kitako kipya cha Chiriku, cha bega la kushoto, kinachopinda upande mwingine ili mtutu uje chini ya jicho lile, na mbao aliyotumia ni ubao wa mwisho uliobaki katika karakana ya baba yake, aliouhifadhi miaka yote bila kujua anauhifadhia nini. Alichonga akiwa amekaa, kidogo asubuhi na kidogo jioni, akipumzika kila baada ya kugusa patasi mara chache, na sote tulijua, naye alikuwa wa kwanza kulisema, kwamba kuna vitu viwili vinashindana, kitako na moyo, na haijulikani kipi kitamaliza kwanza. Wanawe wa kiume walimsihi amwachie fundi mwingine, akakataa, dada yangu akaificha patasi kwenye kopo la sukari, nyumba ikanuna siku mbili, siku ya tatu akairudisha mwenyewe mezani pamoja na chai, akasema bora achoke akifanya kuliko apumzike akijuta. Kwa kauli hiyo, dada, uliongeza maisha ya mumeo, hata kama daktari hawezi kulipima hilo.

Wakati huo binti alikuwa anajifunza upya kwenye ujia wetu, bunduki ya mbao kwenye bega la kushoto ambalo lilikuwa geni kama kiatu kilichovaliwa mguu usio wake, akifumba macho, akiinua, akifumbua, na safari hii baba yake alikaa mbele yake, uso kwa uso, anamtazama jicho. Mwishoni mwa Mei kitako kilikamilika, ikabaki kukipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, na kanuni ya marehemu mnaijua, kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo kila mwaka maadamu uko hai. Wiki ile ya kwanza alipaka mwenyewe, Jumapili zilizofuata alipaka binti, yeye akinusa na kusema bado, au kusema yatosha.

Jumamosi ya tarehe 8 Juni 2024 tulimpeleka kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, la rafiki yake mkulima, tukamweka kwenye kiti cha turubai kilichotoka kazini kwangu, binti akaenda mbele kidogo na Chiriku. Kwale wa kwanza aliruka, binti akamkosa, wa pili akamkosa, na naapa sijawahi kuwachukia ndege kama nilivyowachukia asubuhi ile, kisha wa tatu akaruka kutoka kwenye mabua, akakata kwenda kulia, Chiriku ikalia, na kwale akaanguka. Marehemu hakupiga makofi, alivua kofia, akamwita binti aje, akamshika kidevu akamgeuza shavu la kushoto kwenye mwanga, akaona halina alama, akasema kitako kimekaa. Halafu akamwambia, nisamehe mwanangu, nilikuwa namtazama ndege. Binti alianza kulia juu ya bunduki, na baba yake, naye akilia, akamwambia machozi yana chumvi, futa mtutu kwanza.

Baada ya siku hiyo aliishi kwa furaha ambayo sote tuliiona, alikula vizuri, aliwachosha wauguzi kwa habari za kwale yule ambaye kila aliposimuliwa aliruka kwa kasi zaidi, mpaka usiku wa Alhamisi tarehe 25 Julai alipozidiwa akapelekwa hospitali, na Jumamosi tarehe 27 Julai 2024, saa mbili asubuhi, akafariki dunia, mkewe akimshika mkono wa kulia na binti akimshika wa kushoto. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, shemeji mmoja aliyebaki bila mtu wa kugonga ukuta, na bunduki moja yenye mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa daktari aliyetaja kilo tatu, na sasa anajua kwa nini mgonjwa wake alitabasamu, inawashukuru majirani wa ujia na mwenye duka la rangi aliyefunga duka kwa ajili yetu, mafundi wenzake, mafundi wa karakana ya reli waliomkumbuka baada ya miaka hii yote, mkulima aliyetupa shamba lake asubuhi ile, mwoka mikate aliyewalisha waombolezaji tangu juzi, na Jeshi lote la Mbao, ambao leo mmelibeba jeneza lake kwa hatua zile zile alizowafundisha, na aliyekuwa anaumwa mkono simsikii akilalamika.

Leo ni tarehe 30, na kwa hesabu ya marehemu ndiyo siku ya kwanza ya kupaka kila mwezi, kwa hiyo tukitoka hapa binti yake atarudi nyumbani, atafungua Chiriku, ataangalia ndani, atamimina mafuta kidogo kiganjani na kupaka kitako, bila mtu wa kumwambia bado wala yatosha. Mwanangu, baba yako alikukataza kulia juu ya chuma, hakukukataza kulia juu ya mbao.

Nawe shemeji, umepima mabega ya mji mzima, na la mwisho ulilipata sawasawa. Kazi imekabidhiwa, Chiriku imesimama mtutu chini, na unyoya wako tumekuwekea nyuma ya sikio. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.